Taa za Gari Lililotazama Kaburini

Mpaka leo sijaelewa sawasawa jinsi taa ya gari inavyoingia ukungu. Nimeelezwa na watu watatu, kila mmoja kwa namna yake, na nilipoyaunganisha maneno yao nikachanganyikiwa kuliko nilivyoanza. Nitaandika kama ilivyokuwa. Asiyeelewa asinilaumu mimi.

Gari aliliacha marehemu mume wangu. Ni gari dogo jeupe la milango minne. Alilipata uzeeni, akaliendesha polepole kati ya Kamachumu na Bukoba kama mtu anayemsindikiza mgeni. Alipofariki tulimzika kwenye kibanja, kati ya migomba, mbele ya nyumba upande jua linakotokea. Siku zile za msiba gari lilikuwa limeachwa hovyo karibu na jiko, watu wameegemeza kuni juu yake. Nikamwambia shemeji yangu alisogeze, alisimamishe uani, uso wake uelekee kaburini. Hakuniuliza kwa nini. Angeuliza, ningemwambia mwenye mali aione mali yake, na mali imwone mwenyewe.

Shemeji akaleta turubai, akalifunika lote kuanzia mbele mpaka nyuma, akakaza kamba. Kesho yake asubuhi nilipofungua mlango nilishtuka. Gari lilikuwa limelala pale kama maiti iliyokwisha kufungwa sanda. Ninavyojua mimi, kinachofunikwa mpaka usoni ni kimoja tu, na hicho tulikuwa tumekwisha kukizika. Nikalikunja turubai kwa mbele, nikalifunga juu ya boneti, taa mbili zikabaki nje. Likawa linatazama. Lilitazama miaka minne.

Mwaka huu binti yangu wa mwisho, ambaye ni muuguzi, alihamishwa akaletwa kwenye zahanati moja ya Bukoba mjini. Akasema atakaa nyumbani Kamachumu na mimi, awe anakwenda na kurudi kwa gari la baba yake. Nikamwambia afanye anavyotaka, nyumba ni ya baba yake pia. Siku aliyofika na mizigo yake nilichinja jogoo, lakini jogoo yule alikuwa ananisumbua hata hivyo.

Fundi wa pale sokoni akabadilisha betri na matairi, gari likawaka. Wiki ya pili nikapanda naye alfajiri kwenda mjini kumwona dada yangu aliyekuwa mgonjwa. Kwetu ni juu, na alfajiri ukungu unakuja mpaka mlangoni kama ng'ombe. Tulipoanza kuteremka sikuona barabara.

"Washa taa," nikamwambia.

"Nimewasha, Mama."

"Basi ziwashe zaidi."

"Hakuna zaidi. Zaidi ndiyo hii."

Nikatazama mbele. Mwanga ulikuwa wa njano, umefifia, kama wa taa ya chemli ambayo chimni yake haijafutwa mwezi mzima. Ulifika hatua chache, ukachoka. Ndipo akatokea mtu anasukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi, akatokea hapo hapo mbele yetu kama aliyezaliwa na ukungu. Binti yangu akakanyaga breki, gari likasimama likiwa limegusa mkungu mmoja. Yule mtu akaiegemeza baiskeli, akaja mpaka mbele ya gari, akainama.

"Waitu, jamani, hizi ni taa au ni viini vya mayai?" akauliza.

Alikuwa mzima, ndizi zake nzima, akaondoka akinung'unika. Binti yangu alikaa bila kuendesha muda mrefu, mikono yake imeshika usukani.

Chini, kwenye lami, trafiki akatusimamisha. Huyo ndiye mtu wa kwanza kunieleza. Alipitisha kiganja juu ya taa akasema, "Dada, balbu ni nzima, lakini vioo vyako ni vichafu. Kasafishe. Nikikukuta tena kwenye ukungu na taa hizi, gari linabaki hapa." Nikaliweka hilo kichwani: uchafu.

Jioni ile tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Binti yangu akasema bila kunitazama, "Mama, leo nimekaribia kumuua mtu."

"Hukumuua."

"Nimekaribia. Sitaendesha hivi tena." Akamenya ndizi moja, akaanza nyingine. "Kuna mwenzangu kazini ana chumba Bilele, pale pale mjini. Taa zisipotengemaa kufikia Jumatatu, nahamia huko. Nitakuwa nakuja Jumapili."

"Hamia."

"Sijasema nataka kuhama, Mama."

"Nimesikia ulichosema. Hamia. Mimi nilikuwa kwenye nyumba hii kabla hujazaliwa, na sikuanguka."

Nilipotazama chini, ndizi niliyokuwa naimenya ilikuwa imebaki nusu. Nusu nyingine nilikuwa nimeitupa na ganda.

Kesho yake jioni binti yangu akatoka nje na dawa ya meno. Amesoma kwenye simu, akasema. Nikamuuliza gari lina meno wapi. Akaipaka kwenye taa, akasugua kwa kitambaa, akasuuza, na kwa kweli taa zikatakata. Hazikuwa mpya, lakini ukungu ulipungua. Nilifurahi, sikusema. Siku mbili baadaye njano ilikuwa imerudi pale pale, kama mtu aliyekwenda dukani tu. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Uchafu ukiuosha unaondoka. Ukirudi ni kwa sababu kitu kimechafuliwa tena, na gari lile, tangu siku ya baiskeli, halikuwa limetoka uani. Binti yangu alikuwa anaamka saa tisa ili awahi usafiri wa watu. Sasa nani alilichafua?

Ijumaa asubuhi, alipokwisha kuondoka, nikaamua. Trafiki amesema uchafu, na uchafu mimi naujua. Nimesugua masufuria miaka hamsini kwa majivu na majani makavu ya mgomba, sufuria nyeusi ya moshi nikaigeuza ukaweza kujitazama ndani yake. Niliona dawa ya meno ni mchezo wa watoto wa shule, na kwamba taa ile haijapata mkono. Nikachota majivu jikoni, nikayachekecha yasiwe na mkaa, nikalowesha jani, nikaanza na taa ya kushoto. Nilisugua kwa kuzungusha, kama inavyotakiwa. Nikahamia ya kulia. Nikamwaga maji.

Zilipokuwa na maji zilipendeza. Zilipokauka nikaona nilichofanya. Zilikuwa zimejaa michirizi, mduara juu ya mduara, nyeupe, kama meza ya shule iliyochorwa kwa msumari. Nikazimwagia maji tena, zikapendeza tena. Zikakauka, michirizi ikarudi. Nikasimama pale na ndoo mkononi nikijiuliza kitu gani hiki ambacho kikilowa ni kizuri na kikikauka ni kibaya.

Nikawaza kwamba basi dawa yake ni kisikauke. Nikaenda ndani nikaleta samli, nikaipaka kidogo kidogo kwa kidole, kama unavyompaka mtoto mchanga. Mama yangu! Zikang'aa. Michirizi yote ikapotea. Nikazunguka gari nikizitazama toka huku na toka kule, nikamwambia aliye kaburini, "Unaona?"

Binti yangu aliporudi jioni, kabla hata hajaweka mkoba chini, aliita.

"Mama! Mbona taa zina nzi?"

"Waulize nzi."

Akaja karibu, akapitisha kidole, akakinusa. Vumbi lote la uani lilikuwa limekwenda kukaa pale, na siafu walikuwa wamekwisha kupanga mstari kupitia gurudumu. Akafuta kwa kanga yake, akaona yaliyo chini.

"Na nani amezikwangua hivi?"

"Kuku," nikasema.

"Kuku?"

"Wanaparura kila mahali. Hujui kuku wewe?"

Alinitazama mikono. Nilikuwa nimeiingiza ndani ya kitenge, kwa sababu majivu yalikuwa bado kwenye kucha. Aliingia ndani, nikamsikia anaongea na mwenzake kwenye simu, anauliza kile chumba kina dirisha upande gani.

Alfajiri ya Jumamosi nilimkuta anataka kutoka kwenda kukitazama chumba. Nikamwambia asubiri jua lichomoze, ukungu uondoke, tutakwenda na gari, na kwanza tutapita dukani kwa mzee wa vipuri. Nilikuwa nimevaa tayari. Nilikuwa nimefunga na amwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye jani kavu la mgomba, maana huwezi kwenda kumwomba mtu msaada mikono mitupu, hata kama msaada wenyewe ni wa gari.

Duka lile ni la mzee wa Kihindi, mmoja wa waliobaki pale mjini. Babu yake alizaliwa Bukoba, na Kihaya chake ni kizuri kuliko cha binti yangu. Marehemu alikuwa akimpenda. Alitoka nje na miwani yake, akazitazama taa, akagonga moja kwa ukucha.

"Sikiliza, mama," akasema. Akagonga kioo cha mbele cha gari, kikalia. Akagonga taa tena, haikulia. "Hiki ni kioo. Hii si kioo. Hii ni plastiki."

"Trafiki kasema kioo."

"Trafiki anasimamisha magari, hatengenezi. Plastiki inazeeka, kama mimi. Huwezi kuosha uzee." Akacheka peke yake. "Mpya za gari hili sina, na sijui nani anazo. Nenda Miembeni kwa fundi wa rangi, yule mzee wa kofia. Mwambie nimekutuma mimi, asikuuzie maneno."

Basi huyo wa pili akawa amenieleza: uzee. Njiani nikawa nalitafakari jambo lile. Kama ni plastiki, basi ni kama nimesugua ndoo ya plastiki kwa majivu. Na kama ni uzee, mbona milango ya gari na bampa ni za umri ule ule, na hazijaingia ukungu? Nikamuuliza binti yangu. Akasema hajui. Tulipopita njia ya kwenda Bilele hakugeuza shingo, lakini niliona alijua iko upande gani.

Fundi alikuwa chini ya banda la bati, kofia yake safi, suruali yake ina rangi za magari yote ya Bukoba.

"Shikamoo bibi," akasema.

"Bibi yako nani? Wewe na mimi nani mkubwa?"

Akanitazama vizuri. "Basi, dada."

"Hapo sawa. Salama?"

"Salama, dada. Karibu." Akainama kwenye taa ya kushoto. Alipitisha kidole gumba taratibu, kama mtu anayesoma. Kisha ya kulia. Kisha akarudi kushoto.

"Hapa wamepita wawili," akasema. "Wa kwanza tutamsema baadaye. Wa pili ni mtu. Nani amesugua na majivu?"

Nikatazama barabarani. Binti yangu akajibu, uso wake umekauka kabisa, "Kuku."

Fundi akaangalia tena ile michirizi. "Kuku wa kwenu wanajua kazi," akasema. "Wamezungusha vizuri mno."

"Wewe tengeneza," nikamwambia. "Au umeshindwa?"

"Sijashindwa." Akaenda akaleta ndoo ya maji, sabuni, na karatasi za msasa nne au tano. Akaosha kwanza, akatoa samli yote, akabandika karatasi yenye gundi kuzunguka taa ili asiguse rangi ya gari. Kisha akachovya msasa kwenye maji akaanza kusugua.

Nilisimama. "Si hayo hayo niliyofanya mimi?"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Binti yangu akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Fundi hakucheka, alikuwa na adabu.

"Siyo hayo, dada. Majivu yana chembe kubwa na ndogo, kila moja inakwenda njia yake. Msasa chembe zake zinalingana. Naanza na huu mkali, nafuta mikwaruzo yote. Kisha huu mlaini kidogo, ufute mikwaruzo ya ule mkali. Kisha mlaini zaidi. Na maji yasikauke."

Kwa hiyo mikwaruzo inafutwa kwa mikwaruzo. Niliketi kwenye tairi lake kuukuu nikajaribu kulifikiri hilo. Wakati nafikiri, taa ilianza kutoa maji ya njano, kama usaha, kisha meupe kama maziwa. Alipopangusa, taa yote ilikuwa nyeupe, imekufa, kama jicho la samaki aliyechemshwa. Haikuwa na mwanga hata wa kuazima.

"Umezimaliza!" nikasema. "Zilikuwa mbaya, sasa umezimaliza! Huyu Jumatatu anatakiwa kazini!"

"Dada, subiri."

"Nisubiri nini? Naona!"

"Mama," binti yangu akasema, "kaa."

Nikakaa. Kilichoniuma si taa. Nilikuwa nimekwisha kuona kitanda chake nyumbani kimetandikwa vizuri na hakuna mtu. Lakini sikuwa mtu wa kusema mambo hayo mbele ya fundi.

Yeye aliendelea kusugua. Katikati ya kazi akauliza, kama mtu anayeuliza habari za watoto, "Gari hili linalala wapi?"

"Nyumbani. Uani."

"Limetazama wapi?"

Binti yangu akamjibu, "Mashariki. Limekaa miaka minne, lina turubai, lakini taa zilikuwa wazi."

"Na upande wa kulia kuna kitu? Mti? Ukuta?"

"Kuna mparachichi," nikasema. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kulia ina nafuu. Ya kushoto imepikwa zaidi." Akasimama, akanyoosha mgongo. "Wa kwanza aliyepita hapa ni jua. Kiwandani taa hizi zinapakwa ngozi nyembamba juu ya plastiki, kuilinda. Jua likiipiga kila siku, ngozi inaungua, inakuwa ya njano, inapasuka vipande vidogo usivyoviona. Huo ndio ukungu wenu. Dawa ya meno inafuta juu juu tu, ngozi inabaki mbovu."

"Jua gani?" nikamwambia. "Kamachumu kuna jua? Huko kwetu ni mvua na mawingu. Nguo zinachukua siku mbili kukauka."

"Miaka minne, dada. Kila asubuhi, usoni."

Nilitaka kubishana, na maneno nilikuwa nayo. Lakini nikaikumbuka ndoo yangu ya bluu. Niliiacha nyuma ya jiko msimu mmoja, siku nilipoishika mpini ilivunjika mkononi kama mkate mkavu, na nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Jua limeila hii." Nilijua. Nilikuwa najua jua linavyofanya plastiki, ila sikujua taa ni plastiki, na hata ningejua, nisingedhani jua linaweza kuila gari la mume wangu likiwa limemtazama yeye.

Nikatoka nikaenda kusimama nje ya banda. Nilikuwa sijui nijute nini. Nililigeuzia kaburini kwa heshima. Nililifunua uso kwa heshima. Sasa heshima yangu ndiyo iliyozipika taa, na taa zikakaribia kumuua mtu wa baiskeli, na mtu wa baiskeli ndiye anayenihamishia mtoto Bilele. Nilijaribu kuifuata kamba hiyo mara mbili nione ilipokosewa. Kila mahali nilipogusa palikuwa sawa.

Waliponiita ndani, taa ya kushoto ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameipaka dawa ya kung'arisha, akaisugua kwa kitambaa laini. Niliona mpaka ndani, balbu yenyewe, na kile kibati kinachomeremeta nyuma yake. Sikuwahi kuona ndani ya taa ile, hata enzi za marehemu sikuwa nimetazama.

"Basi imekwisha," nikasema.

"Bado. Hivi ilivyo haina ngozi. Ukiiacha hivi, miezi michache utarudi hapa kunigombeza." Akaleta bomba lake la kupulizia. "Sasa napiga rangi."

"Rangi gani? Umeisafisha ionekane, halafu unaipiga rangi?"

"Rangi isiyo na rangi, dada. Sisi tunaiita kliya."

Nikamtazama binti yangu nione kama nachezewa. Hakuwa anacheka. Fundi akapuliza, kitu kikatoka ambacho sikukiona, kikakaa kwenye taa nisikione, na baada ya kukauka akaniambia ndicho kinacholinda. Nimekubali kwa sababu nimeona matokeo. Lakini rangi isiyo na rangi sijaielewa, na siku nikiielewa nitaandika.

Nikampa amwani. Akafungua lile jani, akatafuna punje mbili hapo hapo, akashukuru.

"Sikilizeni masharti," akasema. "Majivu marufuku. Sabuni ya kawaida, maji, kitambaa laini. Samli pikieni. Na gari lisitazame jua tena. Ama mligeuze, ama mzifunike taa. Mkiacha vilevile, kliya nayo itaungua."

Njiani kurudi binti yangu hakupita Bilele. Lakini hakusema kama ameacha au ameahirisha, na mimi sikuuliza. Tulifika nyumbani jua bado liko juu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Aliliingiza gari uani, akataka kuligeuza litazame nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Nikasimama nyuma yake.

"Utampa baba yako mgongo?"

"Mama, ni gari."

"Ni gari lake. Umewahi kuniona nikimpa mgongo nikitoka chumbani kwake? Nilikuwa natoka kinyumenyume."

"Basi tulifunike, taa na zote. Nina kitambaa kizuri."

"Lisifunikwe usoni."

Akazima gari. Akashuka. "Lisigeuzwe, lisifunikwe. Mama, niambie unataka nini. Nimechoka. Nataka kukaa hapa. Nataka kuamka hapa niende kazini, nirudi hapa nile chakula chako hata ukiwa umenuna. Lakini sitaki kuua mtu barabarani. Taa zikiungua tena naondoka, na safari hiyo sitarudi kuuliza. Niambie sasa hivi tufanye lipi."

Hajawahi kusema nami hivyo. Nilikuwa na la kumjibu kuhusu adabu, nikaliacha. Nikashika njia ya kibanja.

Kaburini kwake majani ya mgomba yalikuwa yameangukia saruji, nikayaondoa. Kisha nikamweleza. Nikamwambia mambo ya trafiki, na ya Mhindi, na ya fundi, na plastiki, na ngozi, na jua. Sina hakika kama nilieleza vizuri, kwa sababu nilikuwa sijaelewa mimi mwenyewe. Kuhusu majivu nilimwambia pia, maana yeye asingekubali ya kuku. Mwisho nikasema, "Waitu, ama nilifunike gari uso kama wewe, ama likupe mgongo. Mtoto anataka kubaki. Nimechagua mgongo. Kama umekasirika, nikasirikie mimi, usimkasirikie yeye akiwa barabarani."

Nikasubiri kidogo. Hakuna kilichotokea, ndizi tu zilikuwa zinagusana juu. Nikarudi.

"Geuza," nikamwambia binti yangu.

"Una hakika?"

"Sina. Geuza kabla sijabadilika."

Akaligeuza. Mimi nilitazama upande mwingine.

Jumatatu alfajiri ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nilisimama mlangoni na kanga kichwani. Akawasha taa, na ukuta wote wa nyumba yangu ukawa mweupe, nikaona nyufa ambazo sikujua ninazo. Ili atoke, ilibidi arudi kinyumenyume, kisha azungushe usukani kuelekea njiani. Alipozungusha, ule mwanga ukapita juu ya migomba, ukahesabu matone kwenye majani, ukapita polepole juu ya kaburi lote, kuanzia kichwani mpaka miguuni, ndipo ukashika njia. Sikulitegemea hilo. Kila asubuhi anapotoka, mwanga hupita vile vile, na mimi husimama kuangalia.

Siku ile sikufanya kazi ya maana. Nilichemsha ndizi na maharage mapema mno, zikapoa, nikazipasha, zikapoa. Jioni ukungu ukarudi. Nikasikia gari linapanda, nikatoka, nikatazama njia. Nilikuwa natafuta zile taa zangu za njano, zile zinazochoka. Badala yake zikaja taa mbili nyeupe, kali, zikaingia moja kwa moja uani kwangu bila hodi, zikanimulika mpaka nikaziba macho.

"Nani huyo?" nikapiga kelele. "Hapa si barabara! Unamtafuta nani?"

Gari likasimama. Mlango ukafunguliwa.

"Nakutafuta wewe," binti yangu akasema. "Sogea, Mama, nigeuze."

Nikasogea.